Joseph Bazalgette na majitaka ya London: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

## Mtu na ajira yake

Joseph Bazalgette alikuwa nani?

Alikuwa mhandisi wa Kiingereza aliyezaliwa Enfield, kaskazini ya London, tarehe 28 Machi 1819, na kufariki Wimbledon tarehe 15 Machi 1891. Babu yake alikuwa fundi cherehani aliyetoka Ufaransa, na baba yake alikuwa ofisa wa jeshi la majini la Uingereza. Kwa miaka 33, kuanzia 1856 hadi 1889, alikuwa Mhandisi Mkuu wa chombo kilichosimamia ujenzi wa umma katika London nzima, na kazi iliyomfanya akumbukwe ni mtandao wa mifereji ya chini ya ardhi uliouondoa uchafu wa jiji hilo katika mto Thames, au, kwa usemi ulio sahihi zaidi, uliousogeza mbali zaidi kuelekea baharini (tazama swali la kama alihamisha tu tatizo).

Alisomea uhandisi katika chuo gani?

Hakusoma chuo. Vijana wengi wa Uingereza wa wakati ule waliingia katika fani hii kwa kuwekwa chini ya bwana aliyekwisha kujijengea jina, nao wakajifunza kazi kwa kuifanya. Bazalgette alianza chini ya Sir John Macneill, akapelekwa kaskazini ya Ireland kushughulikia ukaushaji wa ardhi chepechepe na uokoaji wa ardhi kutoka majini. Mtu anaweza kuipuuza hatua hii ya mwanzo, lakini ndiyo ufunguo wa kazi yote iliyofuata: aliyejifunza kutoa maji katika ardhi iliyo karibu tambarare amejifunza kwamba tofauti ya vidole viwili vya usawa inaweza kuamua kama maji yataondoka au yatalala palepale.

Mwaka 1842 alifungua ofisi yake mwenyewe Westminster. Homa ya ujenzi wa reli ilipopanda katikati ya muongo huo alijitwisha kazi nyingi kupita kiasi, na mwaka 1847 afya yake ikaanguka, ikambidi aondoke mjini akapumzike. Aliporudi mwaka 1849 hakurudi kwenye reli. Alichukua nafasi ya mpimaji msaidizi katika tume iliyosimamia mifereji ya jiji, cheo kidogo kwa mtu aliyekuwa na ofisi yake.

Alifikaje kwenye cheo cha Mhandisi Mkuu?

Kwa kubaki kazini wakati wengine walipochoka. Tume ile ilivunjwa na kuundwa upya mara kadhaa, wajumbe wake wakibishana juu ya ramani, mabomba na fedha. Mhandisi wake, Frank Forster, alifariki mwaka 1852, na Bazalgette akarithi nafasi yake pamoja na mipango iliyokuwa haijajengwa. Sheria ya mwaka 1855 ilipoanzisha Metropolitan Board of Works, ambayo katika ukurasa huu tutaiita Bodi, alichaguliwa kuwa Mhandisi Mkuu wake mwanzoni mwa mwaka 1856, akiungwa mkono na wahandisi wenye majina makubwa, akiwamo Isambard Kingdom Brunel.

Miaka miwili ya kwanza haikumletea tofali hata moja. Sheria ilimtaka kila mpango aupeleke kwa waziri wa serikali aliyekuwa na mamlaka ya kuukataa, na mabishano yakakwama juu ya jambo moja: uchafu umwagwe wapi? Serikali ilisema mbali zaidi. Bodi ilisema kila maili ya ziada ina gharama, na nani atailipa? Bazalgette alichora, akarudishiwa, akachora tena. Wasomaji wanaofanya kazi katika halmashauri watakitambua kipindi hiki bila maelezo zaidi.

Je, yeye ndiye aliyewapa wakazi wa London maji ya bomba?

Hapana, na hili huchanganywa mara nyingi. Maji safi ya London yalikuwa mikononi mwa kampuni binafsi mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Bazalgette alishughulikia maji yanayotoka nyumbani, si yanayoingia. Sheria ya mwaka 1852 ndiyo iliyozikataza kampuni hizo kuchota maji katika sehemu ya Thames inayofikiwa na maji ya bahari, chini ya Teddington, na kuzitaka zichuje maji ya matumizi ya nyumbani. Mgawanyo huo wa madaraka ulikuwa na madhara yake, kama inavyoelezwa katika swali la kipindupindu.

## London kabla ya mradi

Kinyesi kilikwenda wapi zamani?

Kwa karne nyingi kilikwenda katika mashimo yaliyochimbwa chini au nyuma ya nyumba, na wapakuaji walikuja usiku kuyatoa, kazi ya watu ambao Dar es Salaam wangeitwa vyura. Kilichotolewa kiliuzwa kwa wakulima kama mbolea. Mifereji ya jiji ilikuwa kwa ajili ya maji ya mvua tu, na kumwaga kinyesi ndani yake kulikatazwa mpaka mwaka 1815.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya kitu ambacho kila mtu alikiona kuwa maendeleo, yaani choo cha kuvuta. Kila mvuto ulimimina maji mengi katika shimo lililojengwa kupokea uchafu mzito, shimo likafurika, na mwishoni mwa miaka ya 1840 wakuu wa jiji wakaamua kuyafunga mashimo na kuziunganisha nyumba na mifereji. Nia ilikuwa njema. Matokeo yake ni kwamba katika miaka michache uchafu uliokuwa umetawanyika katika mashimo ya watu ulikusanywa wote na kupelekwa mtoni, katikati ya jiji lenye watu zaidi ya milioni mbili, wengi wao wakinywa maji yaliyotoka katika mto huohuo.

Kwa nini mto haukuuchukua uchafu hadi baharini?

Kwa sababu Thames ndani ya London hupata kujaa na kupwa. Wasomaji wa pwani hawahitaji kufundishwa jambo hili: kitu kinachotupwa majini wakati maji yanajaa hakiendi baharini, kinapanda juu. Tatizo lilizidishwa na mifereji yenyewe, kwa kuwa midomo yake mingi ilikuwa chini kiasi cha kuzibwa na maji yaliyojaa. Ilifunguka maji yalipopwa, ikamwaga uchafu juu ya matope yaliyokuwa wazi, kisha maji ya kujaa yakaja kuuokota na kuupandisha mjini. Kinyesi kilichotoka Westminster asubuhi kiliweza kupita tena mbele ya Westminster siku hiyohiyo.

Uvundo Mkuu wa mwaka 1858 ni nini?

Ni jina lililopewa majira ya joto ya mwaka huo, hasa Juni na Julai, ambapo joto kali na mto uliopungua maji vilileta harufu isiyovumilika. Jengo la Bunge liko ukingoni mwa Thames. Mapazia yake yalilowekwa katika dawa ya chokaa, na chokaa ikamwagwa mtoni kwa wingi, bila kufua dafu. Benjamin Disraeli, waziri wa fedha, aliwasilisha muswada Julai, na baada ya siku 18, tarehe 2 Agosti 1858, ulikuwa sheria. Bodi iliruhusiwa kukopa pauni milioni 3, zilipwe kwa kodi ya majengo ya peni tatu kwa kila pauni kwa miaka 40, na ile kura ya turufu ya serikali iliyomkwamisha Bazalgette ikaondolewa.

Inasemwa mara nyingi kwamba uvundo ndio ulioleta mpango. Sivyo. Mpango ulikuwa tayari umechorwa na kurudiwa. Uvundo ulileta fedha na saini, na ulifanya hivyo kwa sababu safari hii pua zilizoumia zilikuwa za wabunge.

## Ujenzi wenyewe

Mfumo wake ulifanyaje kazi?

Mifereji ya zamani ilitelemka kutoka vilimani kuelekea mtoni, kaskazini na kusini. Bazalgette hakuing'oa. Alijenga mifereji mikuu iliyokwenda sambamba na mto, kutoka magharibi kwenda mashariki, ikiikata ile ya zamani njiani na kuyakinga majitaka yake kabla hayajafika Thames, kama mtu anavyokinga maji ya mvua chini ya paa. Kaskazini kulikuwa na mifereji mitatu, wa juu, wa kati na wa chini. Ya juu na ya kati ilisafirisha majitaka kwa mteremko pekee; wa chini, uliokuwa karibu na mto, ulihitaji msaada.

Msaada huo ni pampu za mvuke. Katika kituo cha Abbey Mills majitaka ya mfereji wa chini yalinyanyuliwa takriban mita 11 ili yaungane na yale ya mifereji mingine na kuendelea hadi Beckton, mashariki ya jiji. Upande wa kusini kituo cha Deptford kilifanya kazi ya namna hiyo, na mwisho wa safari ulikuwa Crossness, kilichofunguliwa Aprili 1865. Beckton na Crossness yalijengwa matangi makubwa ya kuyahifadhi majitaka wakati maji yanajaa. Maji yalipoanza kupwa, milango ilifunguliwa na mto ukayachukua kwenda baharini. Mhandisi ambaye miaka yote alikuwa akipambana na kujaa na kupwa aliishia kulifanya jambo hilo mtumishi wake.

Kwa jumla ilijengwa kilomita 132 za mifereji mikuu ya kukinga na zaidi ya kilomita 1,700 za mifereji ya mitaani, kwa matofali milioni 318.

Mteremko ulikuwa kiasi gani?

Katika sehemu nyingi ulikuwa futi mbili kwa maili, yaani sentimita 38 hivi kwa kila kilomita. Jaribu kuliona hilo: unatembea kilomita nzima, na sakafu chini ya miguu yako imeshuka kwa kimo kisichofika goti. Kosa dogo la kipima maji lingegeuza mfereji kuwa bwawa. Bazalgette alikadiria kwamba mwendo wa maili moja na nusu kwa saa, mfereji ukiwa umejaa nusu, unatosha kuzuia taka zisitulie chini, na akaisanifu mifereji ili mwendo huo upatikane. Ni mwendo wa mtu anayetembea bila haraka.

Kwa nini mifereji mingi ina umbo la yai?

Yai limesimamishwa ncha nyembamba ikiwa chini. Maji yakiwa machache, kama usiku wa manane, hukusanyika katika ncha hiyo, yakawa na kina na kasi ya kusukuma taka; mvua ikinyesha, yanapanda kwenye sehemu pana na kupata nafasi. Mfereji wenye sakafu bapa huyatandaza maji machache kuwa utando mwembamba usio na nguvu, na kinachofuata kinajulikana na yeyote aliyewahi kufunua chemba iliyoziba. Umbo hili halikubuniwa na Bazalgette. Alilikuta likitumika, akalitumia kwa ukubwa usiokuwa umeonekana.

Saruji ina nafasi gani katika habari hii?

Kwa maoni yetu hapa ndipo tabia yake ya kazi inapoonekana vizuri kuliko kwenye takwimu za matofali. Saruji ya Portland ilikuwa bado ngeni kwa kazi kubwa za umma. Ilikuwa na nguvu na iliweza kuganda ndani ya maji, lakini ubora wake ulibadilika kutoka tanuri hadi tanuri, na iliyochomwa vibaya ilipasuka. Bazalgette aliitumia, kwa sharti kwamba kila shehena ipimwe kabla ya kukubaliwa.

Upimaji uliongozwa na msaidizi wake, John Grant. Saruji ilikorogwa na kumiminwa katika kalibu ndogo yenye kiuno chembamba katikati, mapana ya inchi moja na nusu kwa inchi moja na nusu. Kipande kililazwa ndani ya maji, na siku ya saba kikafungwa kwenye mashine na kuvutwa ncha mbili mpaka kikatike. Kikikatika chini ya ratili 400, shehena inarudishwa kwa mwenyewe. Baadaye kiwango hicho kilipandishwa. Viwanda vililazimika kujirekebisha, kwa sababu mteja mkubwa kuliko wote alikuwa na mashine ya kuvuta vipande mlangoni.

Je, ni kweli kwamba alikadiria ukubwa wa mifereji kisha akauzidisha mara mbili?

Simulizi hiyo imeenea sana mitandaoni, pamoja na maneno anayodaiwa kuyasema siku hiyo. Ichukuliwe kama simulizi. Hesabu aliyoieleza mwenyewe mbele ya wahandisi wenzake mwaka 1865 haina mbwembwe: alitenga futi za ujazo tano za majitaka kwa kila mtu kwa siku, akachukulia kwamba nusu yake hutiririka ndani ya saa sita, akaongeza nafasi ya mvua ya robo inchi kwa siku katika maeneo yaliyojengwa, na kuruhusu idadi ya watu ikue. Ukarimu wa vipimo ulitokana na kuisanifu mifereji kwa saa yenye msukosuko mkubwa, si kwa wastani wa siku. Hilo linatosha kueleza kwa nini ilidumu.

Kingo za Thames zinahusianaje na majitaka?

Mfereji wa chini wa kaskazini ulitakiwa kupita karibu na mto, chini ya barabara zilizojaa biashara. Badala ya kuichimbua mitaa hiyo, ilionekana afadhali kujenga ukuta ndani ya mto, kujaza nyuma yake, na kuupitisha mfereji humo. Hivyo ukingo wa Victoria, uliofunguliwa Julai 1870, ni barabara na bustani kwa juu, na chini yake kuna mfereji wa majitaka, njia ya mabomba ya gesi na maji, na reli ya chini ya ardhi. Kingo za Albert na Chelsea ni za mradi huohuo. Baadaye alisanifu pia madaraja ya Putney, Hammersmith na Battersea.

## Kipindupindu

Je, Bazalgette ndiye aliyekomesha kipindupindu London?

Kwa sehemu kubwa ndiyo, ingawa si kwa sababu aliyoidhania. Mlipuko wa 1848 hadi 1849 uliua watu zaidi ya 14,000 London, na ule wa 1853 hadi 1854 zaidi ya 10,000. Waliokuwa na madaraka, pamoja na Bazalgette, walikuwa wakiamini kwamba ugonjwa huletwa na hewa yenye uvundo. Daktari John Snow alikuwa ameonyesha mwaka 1854, katika mtaa wa Broad Street, kwamba wagonjwa walikuwa wamekunywa maji ya pampu moja, lakini wachache walimsadiki, naye alifariki Juni 1858, katikati ya ule Uvundo Mkuu. Mifereji ilijengwa ili kuondoa harufu. Ilipoiondoa harufu ikaondoa pia kinyesi katika maji, na kipindupindu kikakosa njia.

Mlipuko wa mwisho, mwaka 1866, ulikuwa kama mtihani. Uliua zaidi ya watu 5,000 mashariki ya London, eneo ambalo mfereji wake ulikuwa bado haujakamilika, kwani Abbey Mills ilifunguliwa 1868. Mabwawa ya kampuni ya maji ya eneo hilo, pale Old Ford, yalikuwa yameingiwa na uchafu na maji yasiyochujwa yakafika majumbani. Sehemu zilizokwisha kuunganishwa zilisalimika kwa kiasi kikubwa.

## Maswali magumu zaidi

Je, hakuhamisha tu tatizo kutoka kwa wakazi wa katikati kwenda kwa wa mashariki?

Lawama hii ni ya haki. Majitaka yalimwagwa mabichi Beckton na Crossness, na wakazi wa huko walilalamika juu ya harufu na tope lililojilundika. Bazalgette aliutetea mfumo wake kwa muda mrefu, na hapa ukaidi wake haumpambi. Jioni ya tarehe 3 Septemba 1878, meli ya abiria Princess Alice iligongwa na meli ya makaa ya mawe karibu na Woolwich, watu zaidi ya 600 wakafa, na ilikuwa saa moja hivi tangu majitaka yafunguliwe katika vituo vyote viwili. Baadhi ya walionusurika walieleza ubaya wa maji waliyoyameza.

Tume ya kifalme ya miaka ya 1880 iliamua kwamba kumwaga majitaka mabichi hakuvumiliki. Ikaanza kazi ya kuyatulisha kwa dawa ili tope litengane na maji, na tangu mwaka 1887 tope hilo likapakiwa melini kwenda kutupwa baharini, kazi iliyoendelea mpaka mwaka 1998. Meli ya kwanza ya tope iliitwa Bazalgette. Sijui mhandisi gani mwingine amepewa heshima ya namna hiyo.

Je, alihusika na kashfa iliyoiangusha Bodi?

Hapana. Mwishoni mwa miaka ya 1880 uchunguzi ulifichua rushwa katika uuzaji wa viwanja vya Bodi, na maofisa wengine ndio walioumbuka. Bodi ilivunjwa mwaka 1889 na nafasi yake kuchukuliwa na Baraza la Kaunti ya London. Bazalgette, aliyekuwa na miaka 70 na cheo cha Sir, alistaafu wakati huo.

Alikuwa mhandisi wa kwanza kufanya kazi hii?

Hapana. Liverpool ilimwajiri James Newlands kuwa mhandisi wa mji mwaka 1847, na William Lindley, Mwingereza, alianza kuijengea Hamburg mifereji katika miaka ya 1840, baada ya moto mkubwa wa 1842. Kilichomtofautisha Bazalgette ni ukubwa wa jiji lake.

Kuna uhusiano wowote na Bahari ya Hindi?

Upo, ingawa ni mwembamba. Bazalgette aliombwa ushauri na miji ya nje, ukiwamo Port Louis wa Mauritius. Zanzibar ilipigwa na kipindupindu katika miaka hiyohiyo, mwishoni mwa miaka ya 1850 na tena 1869 hadi 1870. Sultani Barghash aliitembelea London mwaka 1875, na ni yeye aliyekuja kuuletea Mji Mkongwe maji ya chemchemi kwa mfereji. Tusiunganishe zaidi ya hapo: London ilianza na majitaka ikaacha maji safi kwa kampuni, Zanzibar ilianza na maji safi.

Je, mifereji yake bado inatumika?

Ndiyo, na ndiyo uti wa mgongo wa mtandao wa London hadi leo. Udhaifu wake ni kwamba majitaka na maji ya mvua hupita pamoja. Mvua ikizidi, mfumo hufurika mtoni kupitia midomo iliyowekwa makusudi ili uchafu usirudi majumbani. Katika jiji la watu karibu milioni 9 lenye lami kila mahali, mvua ndogo tu ilitosha kuufurisha, na ndiyo sababu kulichimbwa handaki la kilomita 25, lenye kipenyo cha mita 7.2, lililounganishwa kikamilifu mwaka 2025. Handaki hilo halikuchukua nafasi ya mifereji ya Bazalgette. Linakinga kile kinachofurika kutoka humo, kama ilivyokinga yenyewe ile ya zamani.

Leo mtu anaweza kuona nini?

Kwenye ukingo wa Victoria kuna sanamu ya kichwa chake yenye maneno ya Kilatini, Flumini vincula posuit, yaani "aliutia mto minyororo". Ni ndogo, na wengi huipita bila kuiona. Afadhali aende Crossness, penye injini nne zilizopewa majina ya watu wa familia ya kifalme. Moja yao, Prince Consort, ilifanyiwa ukarabati na watu wa kujitolea na kuzunguka tena kwa mvuke mwaka 2003. Gurudumu lake lina uzito wa tani 52, na nguzo za chuma zinazoizunguka zimefinyangwa majani na maua na kupakwa rangi nyekundu na kijani, katika chumba kilichojengwa kwa ajili ya kunyanyua kinyesi.